Maziwa Aliyoyatupa Mjomba Motoni

Nilikuwa bado mtoto, kule milimani Kivu ya Kusini, kijiji chetu kilipogawanyika makanisa mawili. Baba alikuwa shemasi wa kanisa la zamani. Mjomba Enoki, kaka yake mama, alihamia kwa watu wa maombi, waliopita nyumba kwa nyumba wakichoma kila walichokiita cha mashetani: shanga, hirizi, hata vibuyu vya maziwa vya wazee. Hata mtoni tulichota maji kwa zamu, kanisa kwa kanisa, ili watu wasipigane.

Siku walipofika kwetu, bibi, aliyewazaa mama na Enoki, alikumbatia kibuyu chake kilichojaa. Kwetu maziwa hayakuguswa na moto. Hata kuyachemsha watu waliogopa.

"Enoki, choma vyote," alisema. "Lakini maziwa ikiingia mu moto, ng'ombe itatoa damu, na hii nyumba vilevile."

"Mama, bon, hiyo ni mambo ya shetani."

Akampokonya, bibi akaanguka, kibuyu kikaingia motoni. Baba alitoka na fimbo ya kuchungia. Alimpiga shemeji yake kichwani, akampiga tena akiwa chini, na mlio niliousikia sitauelezea hapa. Mjomba alikufa kabla jua halijazama. Wenzake walirudi na mapanga, wakakata watu, wakachoma nyumba. Tukakimbilia msituni.

Tuliporudi, kiwele cha ng'ombe wetu kilikuwa kimevimba. Mama alipomkamua, ilitoka damu. Kwa miaka mingi niliamini kabisa maneno ya bibi. Leo najua ng'ombe asiyekamuliwa siku kadhaa huugua kiwele, na sisi ndio tuliomwacha. Nakasirika nikiwasikia watu wetu hapa Louisville, Marekani, wakisema yote yaliletwa na maziwa. Maziwa hayakushika fimbo.

Wazazi wangu wanaishi Buffalo, mji mwingine wa hukuhuku. Mama humpakulia baba chakula, humfulia nguo za kiwandani, humuuliza kama mgongo umepoa. Lakini baba akimaliza kuombea chakula, mama haitikii amina. Hajaitikia tangu siku ile. Nikiwatembelea, naitikia mimi kwa sauti kubwa, mpaka wanangu wananicheka. Baba huchelewa kufumbua macho. Zamani nilidhani bado anaomba. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba anamsubiri mama.