Harufu ya Thina

Nimepaka rangi magari ya watu tangu ujana, na wateja hunisifu kwamba macho yangu hayapitwi na kitu. Mlango wa gari ukigongwa, nachanganya rangi na thina ya kuilainisha mpaka mwenyewe hajui palipobonyea. Nyumbani mke wangu alitia chumvi kwenye chai wiki nzima, mimi nacheka tu, nakunywa. Fundi macho, ndiye huyu!

Karakana yangu ilikuwa chini ya dirisha la chumba chetu. Barakoa nilisema ni ya watu laini.

Siku mimi na binti yetu tulipompeleka hospitali, daktari alisema ni Alzaima, ugonjwa wa kusahau. Akatueleza kwamba ndani ya mwili mna nyuzi za urithi, na ncha zake zina vikinga, kama kile kiplastiki cha mwisho wa kamba ya kiatu. Vinaitwa telomea. Umri unavifupisha, na watafiti wanashuku hata moshi na hewa chafu. Kwa wagonjwa wengi wa Alzaima wamevikuta vifupi.

"Basi ni mimi, na moshi wa rangi yangu?" nikauliza.

"Mzee, hakuna anayeweza kusema hivyo. Kuna umri, kuna ukoo, kuna mengi. Lakini mwondolee huo moshi."

Nikahamishia karakana ng'ambo ya barabara. Jioni ya kwanza nilijisugua mpaka ngozi ikawaka, nikavaa shati jeupe, nikachana nywele zilizobaki. Nikaingia chumbani kifua mbele, bwana harusi mzima.

"Wewe nani?" mke wangu akapiga kelele. "Toka! Mume wangu yuko kazini!"

Akanivurumishia kandambili. Shabaha hajaisahau, ikanipata puani.

Binti yetu alinikuta nimekaa ngazini, nalia kama mtoto.

"Baba, mama amekuzoea unanuka thina," akasema. "Msafi hivi, hata mimi nimeshtuka."

Nilicheka, kamasi zikanitoka. Mwanamke huyu nampenda, jamani, na kilichobaki cha kunitambulisha kwake ndicho nilichokatazwa kumletea.

Siku hizi naoga karakanani, kisha navaa tena ovaroli langu la kazi lenye madoa ya rangi juu ya shati safi. Nasimama getini, mbali na dirisha, naita. Anachungulia.

"Umechelewa, baba watoto!"

"Nakuja, mama!"

Hapo navua ovaroli, nalitupa nje ya geti, natimua mbio na kitambi changu, majirani wanashangilia, niingie kabla hajanisahau. Siku nyingine nawahi.