Kinu Hakipandi Ndege

Mwezi ule nilikuwa nikicheka peke yangu jikoni. Naosha vyombo, nacheka. Nachambua mchele, nacheka. Mume wangu akanichungulia mlangoni, akaniuliza kama nimepandwa na kitu. Nikamwambia, "Nakuwa bibi mie, niache." Binti yetu wa pekee, aliyeolewa Jeddah, alikuwa na mimba ya miezi minane, na mie nilikuwa huku Riyadh, mtaa wa Naseem, nahesabu siku kwa vidole kama mtoto anayengoja Idi.

Nililolitaka lilikuwa moja tu: niwe chumbani uchungu utakapomshika. Si kesho yake, si jioni na shada la maua mkononi. Chumbani. Yeye nilimzaa hapahapa Riyadh, mama yangu yuko Unguja na karatasi zake zimekwama, na wanawake wa kwetu niliowajua mjini hawakuzidi watatu. Walikuwepo manesi wawili, watu wema, lakini walizungumza lugha yao na mie nililia kwa Kiswahili. Sijawahi kujihisi mpweke namna ile. Basi nikaapa kwamba huyu wangu hatapita njia ile bila mimi, hata iwe nitambae.

Ila kutoka Riyadh hadi Jeddah hutambai. Ni kilomita mia tisa na ushei, unakata nchi nzima kuelekea magharibi, na kila mtu wa nyumba yangu alikuwa na rai yake namna ya kuzikata. Tukakaa kitako Ijumaa baada ya chakula, sinia bado liko katikati, tukajadiliana utadhani tunapeleka jeshi.

Mwanangu wa kiume alitaka nipande ndege. "Saa moja na nusu, mama. Unafunga mkanda, unakunywa juisi, umefika." Akanionesha kwenye simu, ndege zinapishana kutwa kama teksi. Mie nikamwuliza kinu kitakaa wapi.

Maana nilikuwa na mzigo, jamani. Kinu na mchi wake. Mbuzi wa kukunia nazi, kwa sababu tui la kopo simpi mzazi hata mnichape. Chetezo na udi. Mafuta ya nazi chupa tatu. Pilipili manga na mdalasini wa uji wa siku arubaini. Doti nane za kanga, na mkaja wa kumfunga tumbo. Liwa ya kumsugulia mwili. Mwanangu akaleta mizani ya bafuni, akapima, akapiga mluzi.

"Mama, hiki kinu peke yake ni abiria."

"Basi mkatie tiketi."

Mdogo wangu wa kiume alitetea basi. Yeye alishalipanda mara moja, na tangu siku hiyo amekuwa wakili wake. Viti vinalala, anasema, viyoyozi vinatia baridi mpaka unaomba blanketi, mzigo unatia tumboni mwa gari wala hakuna anayekuuliza. Nikamwuliza linachukua saa ngapi. Akakohoa. Akasema kumi na mbili, kumi na tatu, inategemea dereva anapenda chai kiasi gani. Halafu akaongeza kwamba la maana zaidi ni kungoja treni. Huyu ndugu yangu ananihadithia treni ya Riyadh mpaka Jeddah tangu mwanangu yuko shule ya msingi. Treni iko Jeddah, inakwenda Makka na Madina, mashallah, lakini huku kwetu haijafika bado. "Itajengwa," akasema. Nikamwambia mjukuu wangu atakuja kutusalimia nayo, akishaoa.

Mume wangu alinyamaza muda wote, anachokonoa meno, na tulishajua yeye akinyamaza ameshakata shauri. Gari. Gari yake mwenyewe, ambayo anaipenda kuliko mimi na simlaumu, haijamjibu vibaya hata siku moja. Mwendo wa saa tisa, kumi tukipumzika. Kinu kinakaa kiti cha nyuma kama mfalme. Tunapita Taif, nione nyani wanaokaa kando ya barabara mlimani, kisha tunateremka Makka.

"Na tukishafika Makka," akasema, "si itakuwa aibu kupita bila umra?"

"Wee! Na mtoto atakungoja umalize tawafu?"

"Tunaondoka wiki nzima kabla. Wasiwasi wa nini?"

Nikakubali gari. Kila mtu akaona ni kwa ajili ya kinu, nami nikawaacha waone hivyo. Lakini hapa niseme kweli, kwa kuwa hakuna anayenitazama: naogopa ndege. Mara ya mwisho kupanda nilikuwa bibi harusi, nikatapika kwenye mfuko mbele ya mume niliyekuwa sijamzoea, na tangu hapo kila ninakokwenda nakwenda kwa magurudumu. Aibu hiyo niliificha miaka yote nyuma ya mizigo. Safari ikitajwa tu, mie nafungasha vitu vizito.

Tulipanga kuondoka Alhamisi baada ya alfajiri. Jumatano, saa tatu asubuhi, niko sakafuni naviringa chupa za mafuta kwenye kanga, simu ikalia. Mama mkwe wa binti yangu. Mwanamke mzuri, lakini sauti yake ina amri, na siku ile amri ilikuwa imepungua kidogo.

"Chupa imepasuka," akasema. "Tuko njiani kwenda hospitali. Anakuulizia."

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Mume wangu alikuwa ameshashika funguo. "Yalla, yalla, tupakie!" Akabeba kinu kifuani, anakimbia nacho, mdogo wangu nyuma na mchi kama anamfukuza mwizi. Mie nikabaki katikati ya sebule napiga hesabu. Saa tatu na saa kumi za njiani ni saa moja usiku. Mimba ya kwanza huchukua muda, ndiyo, lakini chupa ikishapasuka nani anajua? Saa moja usiku nitamkuta keshalia, keshamaliza, kesharudi kulala. Na atakuwa ameniita mara ngapi?

Mwanangu alisimama mlangoni na simu yake. Alinijua vizuri kuliko nilivyodhani, maana uso wake ulikuwa wa mtu anayemwonea mtu huruma.

"Iko ya saa ngapi?" nikamwuliza.

"Saa sita. Kiti kimoja."

"Bonyeza."

Nilitoka na mkoba wa begani tu. Ndani mlikuwa na ikama, kile kibali changu cha kuishi, simu, miwani, na peremende za limau. Mume wangu, na kinu kifuani, alinitolea macho, "Ndege? Wewe?" Nikamwambia alete mzigo taratibu na asiniue mtu njiani. Nikaingia gari ya mwanangu huku nacheka, nikajifunga mkanda kabla hajawasha.

Uwanja wa ndege wa Riyadh uko mbali, upande wa kaskazini, na mwanangu aliendesha utadhani mwenye uchungu ni mimi. Pale kwenye ukaguzi dada mmoja alifungua mkoba wangu, akachungulia, akaniuliza mzigo mwingine uko wapi. Nikamwambia, "Mafi," hakuna. Alishangaa, na mie mwenyewe nilishangaa. Sijawahi kutoka nyumbani mwepesi vile, na wallahi miguu ilikuwa haikanyagi chini.

Ndani nikakaa kiti cha katikati. Kulia kwangu dirisha na binti aliyekwishalala, kushoto kijana mmoja mweusi mrefu mwenye koti la kazi. Ndege ikaanza kukimbia. Nikaanza kusoma kila dua niliyofundishwa tangu chuoni, na zikiisha narudia. Ilipoinua pua, nikajiona nimeshika kitu kigumu, nakibana kwa nguvu zangu zote, macho nimefumba.

"Mathe," sauti ikasema karibu na sikio langu, "pole sana, lakini huo mkono ni wangu."

Mtume! Nimemshika mwanamume wa watu! Nikauachia kama sufuria ya moto, naomba radhi, nastaghfiru, uso unawaka. Kijana anacheka. Alikuwa Mkenya, dereva wa bosi mmoja hukohuko Riyadh. Alinijua kwa Kiswahili nilichokuwa nachomeka katikati ya dua. Anakwenda Jeddah kuchukua gari ya bosi iliyoshushwa bandarini, airudishe kwa barabara.

"Tulia tu, mathe. Hii ndege hushuka kila siku na haijawahi kusahau njia."

"Na ikisahau leo?"

"Rubani naye ako ndani, si ataogopa pia?"

Nilicheka mpaka yule binti wa dirishani akageuka upande. Nikamweleza yote: binti yangu, chupa, kinu, mume wangu na mdogo wangu walio barabarani. Akauliza wameondoka saa ngapi, akafikiri kidogo kama mtaalamu. "Hiyo barabara naijua petroli stesheni zote. Sisi tukishuka, mzee atakuwa hajamaliza hata nusu. Umechagua poa." Akanipa kipande cha nguo, kitambaa chake cha shingoni, akasema nikisikia woga nishike hicho. Nilikishika mpaka Jeddah. Tulipoteremka nikaona bahari upande wa dirisha, nikasahau kuogopa, nikampigia makofi rubani peke yangu.

Sikumbuki vizuri kutoka uwanjani. Nakumbuka tangi kubwa la samaki ukumbini na watu wamesimama wanapiga picha, na mie napita mbio nimenyanyua baibui kwa mikono miwili, mwanamke mzima wa makamo. Dereva wa teksi nikamwambia, "Bibi mpya huyu, kanyaga mafuta!" kwa Kiarabu changu cha haraka, akacheka, akakanyaga. Njiani simu ikaleta picha kutoka kwa mdogo wangu: yeye na mume wangu wamesimama kula, sinia la wali na nyama mbele yao, na kinu kinaonekana nyuma kupitia kioo cha gari. Wamekula kwa raha zao.

Hospitali wanaruhusu mtu mmoja tu kukaa na mzazi. Nesi alinizuia mlangoni, akasema ndani yuko mtu tayari, halas, basi. Nikasimama pale nahema. Nilikuwa nimeruka angani kwa ajili ya mlango, na mlango umefungwa. Machozi yakanitoka palepale mbele ya nesi, sikuona haya.

Mlango ukafunguka kwa ndani. Mama mkwe wa binti yangu akatoka, mtandio umemlegea, jasho usoni, mkono wake wa kulia mwekundu kwa kubanwa. Alinitazama kama mtu aliyetua mzigo.

"Ingia," akasema. "Tangu asubuhi namwambia umeshafika, uko mlangoni unavua viatu. Nimemdanganya mpaka nimeishiwa. Ingia, usinifanye mwongo."

Nikaingia. Binti yangu alikuwa amelala ubavu, nywele zimemganda shingoni, midomo imekauka. Alinyoosha mkono tu, nami nikautia wangu, akaubana mpaka pete ikanikata. Nilimsemesha Kiswahili muda wote ule. Upuuzi mtupu: habari za ndege, za yule kijana na mkono wake, za baba yake aliyekumbatia kinu. Alicheka katikati ya uchungu, akanitukana kwa kumchekesha, akaita mama, nikaitika abee, kila alipoita nikaitika.

Mtoto akatoka baada ya alasiri. Msichana. Akalia kwa sauti ya kugombana. Nesi akamfuta, akamviringa, akaja naye moja kwa moja kwangu akitabasamu, mikono mbele, maana bibi ndiye anayepewa.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi. Mmoja uko mkononi mwa binti yangu, mwingine unamwondolea nywele usoni.

"Mpelekee bibi yake aliye nje," nikamwambia nesi. "Amekaa hapa tangu asubuhi."

Binti yangu akageuza kichwa kwa shida. "Mama, humtazami?"

"Nitamtazama," nikamwambia. "Hebu kwanza nikuone wewe."