Mguu wa Kukanyaga Breki

Kazini walimwita Msumeno, maana akijinyoosha kidogo tu kwenye benchi la mapumziko, mkoromo wake ulipasua mbao. Alipostaafu kutoka kiwanda cha uchapaji, jina lilimfuata mpaka mtaani. Mkewe peke yake alimwita "baba watoto", ingawa watoto wenyewe walikuwa binti mmoja, aliyeolewa mji wa mbali.

Binti alipojifungua mapacha, mkewe alifunga mizigo. "Naenda kumshika mkono mpaka apate nguvu," alisema. Binti akapata nguvu. Mapacha wakatambaa, wakaota meno, wakaanza kumvuta paka mkia. Bibi yao bado yuko huko. Hakukuwa na ugomvi. Kule kulikuwa na kazi kila saa, na huku kulikuwa na mzee mmoja anayejua kujipikia.

Basi Msumeno akaamua kuwafuata kwa gari lake kuukuu. Kikwazo kilikuwa mkanda wa taimingi, ule wa mpira wenye meno unaozifanya sehemu za chini na za juu za injini zizunguke kwa pamoja. Ulikuwa umechoka, na ukikatika njiani, injini inajigonga yenyewe kwa ndani na kuwa chuma chakavu. Mara ya mwisho aliubadilisha mwenyewe, hapo hapo uani, mkewe akiwa kwenye kiti cha dereva, akinung'unika kwamba viazi vyake vinaungua.

Asubuhi alipiga jeki, akatoa gurudumu la mbele, akafungua vifuniko kimoja kimoja mpaka akafika kwenye bolti kubwa ya puli ya chini, kigurudumu kinachozungushwa na injini. Bolti hiyo ni ya watu wawili. Ukiivuta, injini nzima inazunguka nayo, isipokuwa gari liwe kwenye gia na mtu akanyage breki kwa nguvu zote. Alikata kipande cha mbao, akakibana kati ya kiti na pedali. Alipovuta spana, mbao ikafyatuka, na vifundo vya vidole vyake vikajigonga kwenye chuma.

Akajisikia akisema kwa sauti, "Kanyaga basi, mama!"

Ndani ya gari hapakuwa na mtu.

"Mzee, unaniita mimi?" Alikuwa jirani, nesi aliyehamia nyumba ya pili, akianika nguo upande wa pili wa ukuta.

"Hapana, mwanangu. Nilikuwa... naongea na gari."

"Limekujibu?"

Msumeno akacheka, kisha akaomba msaada kabla aibu haijamrudia. Nesi akaja na ndala zake, akaketi, akashika usukani kana kwamba yuko safarini.

"Nikanyage kiasi gani?"

"Mpaka kiti kilalamike."

Spana ikavutwa, bolti ikalia kwa mlio mmoja mkavu, ikaachia. Alitaka kumkaribisha chai, ila kikombe safi kilikuwa kimoja, na maneno yakachelewa. Nesi alishapiga mwayo. "Nimetoka zamu ya usiku, mzee. Acha nikalale."

Msumeno alioanisha alama za chini na za juu zinazoonyesha mkao wa injini, akavua mkanda wa zamani, akavisha mpya. Akaizungusha injini kwa mkono, taratibu. Alama ya juu ilipishana kwa jino moja. Angekuwa na mtu angemlaumu mtu. Akaguna, akafungua, akaanza upya, mpaka alama zote zikatulia mahali pake. Ikabaki kuikaza ile bolti, na kukaza nako kunataka mguu wa mtu mwingine. Akaketi kwenye ndoo aliyoigeuza, mikono ina grisi, akisubiri usingizi wa mtu asiyemjua vizuri uishe. Jua likahama ukuta hadi ukuta.

Jioni nesi alikuja mwenyewe. "Mbona hukugonga?"

"Ulisema unalala."

Akakanyaga breki, bolti ikakazwa. "Mama anarudi lini?" aliuliza akishuka.

"Mimi ndiye ninayeenda," Msumeno akajibu, akijifuta mikono iliyokwisha kufutika.

Gari liliwaka kwa kuzungusha ufunguo mara moja. Akampigia mkewe palepale.

"Nimebadilisha mkanda."

"Nani alikukanyagia breki?"

"Jirani."

"Hata mimi ningekukanyagia, baba watoto..." Mtoto akalia nyuma yake. "Ngoja, nitakupigia." Usiku ule hakupiga.

Kesho yake alifika kwa binti yake mchana. Mkewe alitoka getini na pacha mmoja kiunoni, akavitazama vidole vilivyochubuka, akasema, "Umekonda." Nyumba ilijaa. Alilazwa kwenye kochi, mapacha wakampanda kifuani kama mlima, kisha wakamwogopa, kisha wakamsahau. Mkewe alipita na beseni, akapita na uji, akapita na nepi. Kila akipita alimgusa bega.

Siku ya kuondoka alimuuliza polepole, "Twende?"

Mkewe akatazama watoto. "Waanze chekechea kwanza."

"Sawa."

Mkewe akamfungia mayai ya kuchemsha kwenye kitambaa. Barabarani injini ilikwenda laini kabisa, na Msumeno akatamani japo ingenguruma kidogo apate cha kusikiliza. Alisimama kando penye kivuli, akala mayai mawili, akakung'uta maganda mapajani, akawasha gari.