Mwani Uliopikwa kwa Magadi

Mama yangu alizaliwa karibu na Lumino, akaolewa Buteba, na bahari hakuiona maishani mwake. Lakini karibu kila siku alikula mwani. Shingo yake ilikuwa na rovu, na mwanamke mmoja anayeuza dawa za mizizi na majani sokoni Busia, mpakani upande wa Kenya, alimwambia kwamba watu wa pwani hutumia mwani kwa shingo kama ile. Ule aliomuuzia ulikuwa umekauka, mgumu kama kamba kuukuu. Ulitakiwa kulowekwa, kuchemshwa, kisha maji yake yanywewe.

Mama aliuloweka. Ulipolainika, akaona unateleza. Kwetu mboga inayoteleza ni mrenda, na mrenda hupikwa kwa magadi, maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Akautia magadi, akaula na ugali.

Tulipokwenda tena sokoni, mama akamweleza alivyoupika, na yule muuzaji alicheka mpaka akashika meza.

"Mama, hiyo ni ya kunywa. Nani alikwambia ni mboga?"

"Inateleza."

"Hata samaki kamongo anateleza. Naye utamtia magadi?"

"Ukiniletea, namtia."

Mama hakubadilisha upishi wake. Sijui kama mwani ulimsaidia. Hospitali ilimpa vidonge, na hivyo pia alimeza. Shingo ilipungua kidogo, au sisi tulizoea kuiona. Kilichomuua si shingo. Alijilaza baada ya chakula cha mchana, na nilipokwenda kumwamsha anywe chai, alikuwa baridi.

Siku ya kunyoa nywele kumaliza matanga, ndugu walipokaa kugawana vitu vyake, sikuhisi chochote. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyegawa. Gauni kwa huyu, jembe kwa yule. Nilitazama kama jirani aliyepita tu. Kisha akainua kopo la mwani.

"Hii ikamwagwe kwenye kinamasi. Dawa ya marehemu hailali nyumbani."

Ndivyo ilivyo kwetu. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshalishika kopo. Katika vitu vyote vya mama nilitaka hicho tu, na sikuwa nimejua mpaka pale.

"Shangazi, nikiupika wote leo, ukaisha, utakuwa umelala?"

Alinitazama. "Wewe mtoto. Tangu mazishi hujatoa chozi, leo unataka kupika."

"Utakuwa umelala?"

"Ukiisha, haujalala."

Nikaupika wote, nikautia magadi. Shangazi akamega ugali, akachovya, akakunja uso.

"Chumvi imezidi."

"Ndivyo alivyokuwa anapika."

"Najua. Nilimwambia mpaka nikachoka." Akamega tena.

Wengine walionja, wakaacha. Sisi wawili tuliendelea kula mpaka sufuria ikawa tupu. Nilingoja nihisi kitu. Nilihisi kiu.

Shangazi akapindua kopo, akaligonga chini usibaki hata uzi mmoja, kisha akanipa.

"Kopo si dawa. Weka hata majani ya chai."

Nimeweka majani ya chai. Chai yenyewe ina chumvi kidogo, nami nainywa.