Tulidhani ni mwiba wa sato, kumbe ni sindano ya uso

Wakuu, poleni na majukumu. Mimi humu huwa nasoma tu. Niliishia darasa la saba na naandika taratibu, mnivumilie. Haya niliyaona mwenyewe, kwetu Igoma.

Dada yangu Neema alikuwa anajiandaa na sendoff, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Akasikia kuna mama anapita saluni akichoma sindano za kulainisha uso, zile wanaita botoksi.

Nilimsindikiza. Yule mama alitoa kichupa kisicho na jina, akamchoma kwenye paji la uso, kisha shingoni ili mistari iishe.

Dada akaniambia, "Mama asijue. Bahati nzuri wewe huongei." Tukacheka.

Siku chache baadaye kope zikamlegea na sauti ikawa ya puani. Tukasema ni uchovu.

Halafu mchana mmoja tunakula sato, dada akapaliwa. Maji aliyokunywa yakamtokea puani. Mama akasema ni mwiba.

Wakuu wa kanda ya ziwa mnaijua dawa ya mwiba. Unamega tonge kubwa la ugali, unalimeza bila kutafuna, linashuka nao. Sote tumekua hivyo.

Jirani yetu Mama Kulwa akaja. "Meza, bibi harusi. Ukweni utakuta matonge makubwa kuliko hilo."

Watu wakacheka. Mama akamtia tonge mdomoni kwa mkono wake.

Halikushuka. Dada akawa anatikisa kichwa, midomo inabadilika rangi. Mama Kulwa akampiga mgongoni, kipande kikatoka. Kingine kilikuwa kimeshaingia njia ya hewa.

Hospitali daktari akamulika koo, mwiba hakuna. Akauliza kama amechomwa sindano yoyote. Mama akajibu, "Hapana, baba." Dada hakuweza kutamka neno.

Mimi mbele za watu sauti hainitoki. Siku ile nilisema.

Daktari alitueleza kuwa dawa ile kazi yake ni kulegeza misuli. Ikizidi au ikisambaa, inalegeza hata ya kumezea na kupumulia. Na ya kichupa kile, nani ajuaye ilikuwa nini?

Aliwekewa mashine ya kupumua na mpira wa chakula puani. Ugali ulioingia mapafuni ukamletea nimonia. Sendoff haikufanyika. Yule mama wa sindano hapatikani.

Sasa dada yuko nyumbani, anameza uji mwepesi. Hajamlaumu Mama hata mara moja. Lakini Mama akishika kijiko, dada anafunga mdomo. Ananiita mimi kwa mkono.

Mama anatoka nje, anasimama huko mpaka bakuli liishe.

Nilichojifunza: dawa usiyoijua, kwa mchomaji usiyemjua, usiikubali. Na mtu akishindwa kumeza, msimtie kitu mdomoni. Mpelekeni hospitali, na semeni kila alichochomwa, hata kama ni siri.

Aliyewahi kuuguza mtu wa namna hii aniambie: sauti ya mgonjwa hurudi? Nitasoma yote, ingawa nitachelewa kujibu.