Kiti Kilichotandikwa Kitenge

Ninyi vijana mutakaosoma haya, kaeni kwanza, na simu iwekeni chini. Mimi sikusoma sana. Nilitolewa shule mapema nikapelekwa kulima viazi Kanama. Lakini macho ninayo mawili, na katika nyumba yangu iko mutu aliyebaki na moja. Nitawaambia lile la pili lilivyotoka, kwa sababu ninawasikia barabarani mukihadithiana, mukicheka, eti ni fujo ya bafana tu, mashabiki na mupira wao. Mimi nilikuwapo. Damu ilinirukia kwenye kiatu.

Muwajue watu wenyewe. Ni wawili. Wa kwanza ni kitindamimba wangu, kijana, mupiga ngoma wa timu ya hapa Gisenyi. Wa pili ni mukwe wangu, bwana ya binti yangu, muzaliwa wa Goma, ng'ambo ya mupaka, na yeye moyo wake uko kwa timu kubwa ya Kigali. Msiniulize kwa nini, nimemuuliza miaka yote hajanijibu. Wote wanakaa kwenye parseli yangu, kiwanja changu hapa Mbugangari, nyumba mbili, mulango mumoja wa kutokea. Walikuwa wanakula sahani moja na kutukanana kila mechi, na hakuna aliyeumia.

Uwanja wa zamani haukuwa na viti. Ulikuwa na mwinuko wa udongo na mawe meusi ya volkano, na kila familia ilijua jiwe lake. Letu lilikuwa bapa, upande wa ziwa, mahali ambapo jua la jioni linakupiga mugongoni, halikupigi usoni. Marehemu bwana yangu alilikalia, na alipokufa nikalikalia mimi. Ukitaka kwenda kunywa chai, unatandika kitenge juu ya jiwe unaenda. Hata uvuke mupaka usalimie ndugu zako urudi, utakikuta. Nimeona watu pale wakiiba viatu vya wachezaji. Sijaona mwanaume akigusa kitenge cha muke wa mutu.

Bon. Wakajenga upya. Mashine iling'oa jiwe letu ikalitupa kwenye kamyo pamoja na mengine. Wakamwaga simenti, wakafunga viti vya plastiki, upande wa ziwa wakaweka paa. Upande wa pili hakuna paa. Jua linakuingia machoni mpaka lizame. Kabla ya mechi ya kwanza, yetu na ile timu ya Kigali, wakatangaza kwamba Jumamosi moja asubuhi, mechi ikiwa bado majuma kadhaa, milango itafunguliwa, bafana waingie, kila kundi lichague pa kukaa, waelewane wenyewe.

Waelewane wenyewe! Watu waliosema hivyo hawajawahi kugawa nyama kwenye sherehe.

Asubuhi ile nilitoka na mutoto wangu, ngoma iko begani kwake. Mukwe wangu alikuwa ametangulia na wenzake, vijana wa hapa hapa mujini wanaoipenda timu ya Kigali. Tulipoingia tukawakuta wamekwisha kaa chini ya paa, bendera wamezifunga kwenye vyuma. Na pale pale lilipokuwa jiwe letu, mukwe wangu amesimama, ananipungia mukono.

"Mama! Kuja huku! Kiti yako iko huku, kwa kivuli!"

Alikuwa ametandika juu ya kiti kitenge cha binti yangu, kile chenye ndege wa kijani. Alikuwa amenishikia mahali pangu. Mulishike hilo neno, vijana, kwa sababu baadaye kila mutu alilisahau.

Wapiga ngoma wetu wakaanza kelele nyuma yetu. "Yewe! Ata mama yako banamubeba kwabo? Kesho batabeba na ngoma!"

Mutoto wangu akanishika mukono. "Mama, usipande. Kule ni kwetu tangu papa."

"Ni kiti tu," nikamwambia.

"Hapana kiti, Mama. Bamekalia jiwe ya papa."

Akaniachia, akapanda ngazi. Mimi nyuma, magoti yananiuma, namuita haitiki.

"Shemeki, toka hapa."

"Nitoke niende wapi?" mukwe wangu akajibu. "Mulilala. Mwenye kulala anakaa kwa jua." Wenzake wakacheka. Mumoja wao akapuliza vuvuzela sikioni mwa mutoto wangu, akasema, "Peleka iyo ngoma kwa jua, ngozi ikauke! Labda leo italia kama ngoma!"

"Nasema toka."

"Sha, angalia kitenge. Iyi kiti ni ya mama."

"Mama hakai na ninyi."

Akakishika kitenge, akakivuta, akakitupa chini kwenye ngazi. Watu wakakanyaga.

Mukwe wangu alimupiga kofi moja, la mukono wazi, kichwa kikageuka. Mutoto wangu alikuwa na fimbo ya ngoma mukononi, ile nene, ncha yake imepasuka kwa kupiga. Hakuiinua. Aliisukuma tu mbele, kama mutu anayesukuma mulango. Ikaingia kwenye jicho la kushoto la shemeki wake.

Halafu ndiyo fujo yenu munayoicheka. Viti bado vilikuwa na nailoni ya dukani, wakaving'oa na misumari yake, wakapigana navyo usoni. Nilimuona mutu anaburutwa kwa kola kushuka ngazi, kichwa kinagonga kila ngazi. Nilimuona mwanamuke, jirani yangu wa sokoni, ametema meno kwenye kiganja, anayaangalia kama maharagi yaliyooza. Wapiga ngoma wetu walipiga migongo ya watu kwa fimbo zile zile, na kwa nguvu ile ile. Nilivua kiatu nikamupiga mutoto wangu shingoni, kichwani, mudomoni, mpaka soli ikabanduka. Hakugeuka. Alikuwa anaangalia fimbo.

Kitenge nilikiokota mimi, na nikamufunga mukwe wangu kichwa nacho. Wale ndege wote wakawa wekundu. Askari waliingia wakatusukuma nje, upande huu na upande ule, na kivuli kikabaki hakina mutu.

Hospitali daktari alitoka akatuambia jicho halipo tena.

Mutoto wangu walimushika. Lakini mukwe wangu, walipomuuliza kitandani, alisema, "Sikuona mwenye kunipiga." Aliona. Kitu cha mwisho jicho lile lilichoona ni shemeki wake. Alidanganya kwa ajili yangu, na wakamuachilia mutoto wangu.

Akarudi nyumbani. Mulifikiri alirudi analia? Aliketi kwenye kizingiti akaanza kuipaka ngoma yake mafuta. Nikamuuliza anafanya nini. "Mechi inafika, Mama. Na ile ilikuwa mambo ya stade, ya uwanjani. Kwa stade mutu anapigwa." Nilikuwa namenya viazi. Kisu kilikuwa mukononi. Nilikiingiza kwenye ngozi ya ile ngoma mpaka kwenye mupini, nikapasua huku na huku. Yeye aliruka kama nimemuchoma tumboni, na mimi nikamwambia, hivyo ndivyo ngozi inavyopasuka, hebu niambie kama ni mambo ya stade.

Hapo ndipo alipoanza kulia.

Binti yangu hakujali machozi. Mukwe wangu aliporudi kutoka hospitali, bandeji nusu ya uso, akamukuta muke wake uani anafunga godoro kwa kamba. Vyombo vilikuwa tayari kwenye beseni, watoto wamevaa viatu.

"Navuka," akaniambia. "Naenda kwa bamukwe zangu Goma. Siwezi kulala parseli moja na mutu mwenye alitoboa bwana yangu. Na batoto yangu hautabaona tena hapa, Mama. Mulango yako ni moja, atapita wapi nisimuone?"

Mutoto wangu alisimama ukutani, macho chini. Mimi sikumuomba aseme neno. Samahani ya mudomo ningeirudisha mimi mwenyewe.

Mukwe wangu ndiye aliyesema. Alikaa juu ya godoro lililofungwa, akaligeuza lile jicho moja kwangu.

"Mama, mi nataka kujua jambo moja. Mechi ikifika, mi nitakaa wapi? Upande ya nani?"

Binti yangu akashika kamba. "Mujibu, Mama. Ukijibu vibaya, ninatoka sasa hivi."

Nikavaa kiatu changu kile kilichobanduka, nikasimama katikati ya uani, nikamunyooshea kidole mutoto wangu.

"Fungua godoro ya dada yako, urudishe ndani. Bendera zote zibaki hapa. Mechi ikifika mutaenda wote wawili upande wa jua, na mimi nitakaa nyuma yenu. Wewe utakaa kushoto kwake, upande wa jicho ulilolitoa. Mupira ukienda kule asikoona, utamwambia uko wapi. Na timu yake ikifunga kule, utamwambia kwa sauti, bafana wako wote wakusikie."