Shikamoo Iliyozima Mizani

Mafundi kompyuta wenzangu, nichekeni tu, nimestahili.

Tulikuwa ghalani Newala, siku ya kupima korosho. Kompyuta inayopokea uzito kutoka kwenye mizani ilikuwa inakosea. Kosa lenyewe lilikuwa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo endeshi, sehemu inayofungwa isomwe tu, isiandikwe. Wakulima wa Makote walishapanga magunia, na lori la mnadani linanguruma nje.

"Nitairekebisha hivyo hivyo ikifanya kazi," nikatangaza. "Haizimiki hii!"

Mama Zuhura, mwenyekiti wa chama cha ushirika, alinisikia kutoka mlangoni.

Njia salama naijua. Unaizuia mashine isiguse sehemu ile kwa muda wa kufumba na kufumbua, unaandika amri nzima kwa mkupuo, unafunga. Lakini mimi na majivuno yangu, nikafungua kufuli la sehemu ile, nikaiandika amri kwa mkono, nusu kwanza, nusu baadaye.

Nusu ya kwanza ilipoingia tu, Mama Zuhura naye akaingia. Sisi tuliolelewa Chiwata hatumsalimii mtu mzima tukiwa tumekaa. Nikaacha kibodi, nikasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hawajambo Chiwata? Goti la mama yako linaendeleaje? Na mikorosho?"

Nikiwa katikati ya habari za mikorosho, kompyuta ikaifikia ile amri nusu. Kioo kikawa cheusi, mizani ikafa.

Mama Zuhura akanitazama. "Baba, si ulisema haizimiki?"



"Shikamoo, mama," nikasema tena.